Fildi ya uhusiano wa umma: utoke na kazi mkononi, sio barua ya shukrani tu

Kila mwaka ikikaribia Julai simu yangu inajaa meseji zinazofanana. "Dada nimepata fildi ofisi ya uhusiano, nianzie wapi?" "Dada nina wiki ya tatu nasoma magazeti tu, hii ni fildi kweli?" "Dada nimeambiwa niandike taarifa kwa vyombo vya habari na chuoni tuliandika moja tu, nisaidie kabla ya saa 6." Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, sasa naandika yote sehemu moja ili ukiniuliza nikutumie hii.

Ni kwa mwanafunzi anayekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na pia mhitimu aliyepata nafasi ya utarajali. Wa Kenya mnaita atachimenti, kazi ni zile zile. Mifano yangu ni ya Tanzania kwa sababu huku ndo nilikofanyia fildi mwenyewe na ndo ninakopokea wanafunzi sasa hivi.

Kabla ya yote naomba tukubaliane kitu kimoja. Ofisi ya uhusiano itakuanzisha na kazi ndogo, kupitia magazeti, kuandika majina ya watu kwenye picha, kupigia waandishi simu kuwakumbusha mkutano, na wengi wanaona wanaonewa au wanapotezewa muda. Hizo ndo kazi zenyewe mdogo wangu. Mtu ambaye hajaaminika na jina la mgeni rasmi hawezi kupewa taarifa itakayosainiwa na mkurugenzi, na hakuna atakayekuita kukwambia hivyo, utaona tu kazi nzuri zinapita mbele yako zinaenda kwa mwenzako.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Barua ya chuo, fomu za tathmini na logibuku (daftari la kuandika kazi zako za kila siku). Piga picha kila ukurasa uweke kwenye baruapepe yako, nimeshaona logibuku ikisahaulika kwenye daladala wiki ya mwisho.
- Hela ya nauli na kula. Fildi nyingi hazilipi, kwahiyo kaa na kalamu upige hesabu ya kwenda na kurudi mara siku 5 mara wiki utakazokaa, uongeze chakula cha mchana. Kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo fuatilia mapema hela ya mafunzo kwa vitendo, usisubiri mpaka umeshaishiwa.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu mbili. Simu inaisha chaji, halafu mbele ya mgeni ukiandika kwenye simu unaonekana unachati.
- Simu yenye nafasi ya picha na video. Futa vitu nyumbani, sio ukumbini.
- Viatu vya kufunika ambavyo unaweza kusimama navyo saa 6 mfululizo. Nguo za heshima kila mtu anakumbuka, viatu wanasahau.
- Uwezo wa kawaida wa Word, wa kutengeneza jedwali kwenye Excel, na wa Canva. Kama hujui kimojawapo sema hujui, jifunze jioni. Usidanganye maana utapewa kazi hiyo kesho yake.

Laptopu ukiwa nayo sawa, usipokuwa nayo usiingie madeni kwa ajili yake, nenda na flashi.

Hatua ya 1: Isome taasisi kabla hujaripoti

Tenga jioni moja. Ingia kwenye tovuti yao, soma taarifa zao 5 za mwisho, pitia posti kama 30 kwenye kurasa zao za mitandao. Andika kwenye daftari jina kamili la taasisi na kifupisho chake, jina na cheo cha mkuu wake kama wao wenyewe wanavyokiandika (kuna Mkurugenzi Mkuu, Mkurugenzi Mtendaji, Mtendaji Mkuu, Kamishna, hivi sio kitu kimoja), iko chini ya wizara gani, na kaulimbiu yao.

Halafu soma komenti za watu. Hapo ndo utakuta maswali ambayo wananchi wanauliza kila siku na hayajibiwi. Yaandike lakini kaa nayo kwanza. Usiingie siku ya kwanza na orodha ya makosa ya ukurasa wao wa Instagram, anayeuendesha ndo unayekwenda kukaa naye meza moja.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza uliza maswali haya

1. Msimamizi wangu ni nani, na asipokuwepo namuuliza nani?
2. Kitu kikishaandikwa nani anakiidhinisha kabla hakijatoka?
3. Nani anaruhusiwa kuongea na waandishi wa habari?
4. Vitu gani havitakiwi kupigwa picha wala kutoka nje ya ofisi?
5. Kalenda ya matukio ya miezi hii ikoje?

Swali la pili na la tatu yashike kama jina lako. Karibu kila balaa ninalolijua la mwanafunzi wa fildi limetokana na kutojua nani anaidhinisha.

Salamu usizichukulie poa. Shikamoo mlinzi, shikamoo mama anayesafisha, na katibu muhtasi wa bosi mheshimu kwelikweli, yeye ndo anajua bosi yuko wapi, ana dakika ngapi, na faili lako limekwama meza ipi.

Hatua ya 3: Fanya kazi ya magazeti kama ripoti

Fika mapema, kabla ya saa 2 asubuhi ukiweza. Chukua Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, Daily News, The Citizen na mengine wanayonunua. Usisome kama mtu anayesubiri kinyozi. Fungua jedwali la Excel lenye safu hizi: tarehe, chombo, ukurasa, kichwa cha habari, tumetajwaje, habari ni nzuri au mbaya au ya kawaida, na kuna la kufanya au hakuna. Weka na redio, runinga na mitandao kama ofisi inafuatilia.

Kisha mtumie msimamizi ujumbe mfupi kabla ya saa 3, mistari miwili mitatu tu. Mfano: "Shikamoo bosi. Leo tumetajwa mara mbili. Mwananchi uk. 5, malalamiko ya wateja kuhusu ankara, hawajapata majibu yetu. HabariLeo uk. 3, ziara ya jana, jina la mradi limekosewa. Nimeandaa rasimu ya kuomba sahihisho uipitie."

Angalia hiyo sentensi ya mwisho. Hujasubiri kutumwa, umejiongeza, lakini pia hujatuma kitu bila ruhusa.

Ikifika mwisho wa mwezi hesabu jedwali lako, mada gani imejirudia, chombo gani kinaandika sana habari zenu, malalamiko gani yalitokea bila jibu letu. Andika kurasa mbili. Nimeona kurasa mbili za namna hii zikiingia kwenye kikao cha menejimenti zikiwa na jina la mwanafunzi chini, wakati wenzake walikuwa wanakata magazeti na kuyabandika tu.

Hatua ya 4: Picha na kepsheni (maelezo ya chini ya picha)

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo nilipoumia mwenyewe.

Nikiwa fildi, kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, kulikuwa na semina na baadaye picha ya pamoja. Nilikuwa na orodha ya waalikwa na mpangilio wa kusimama niliopewa asubuhi. Nikaandika kepsheni kwa kufuata mpangilio ule. Kumbe dakika ya mwisho mgeni mmoja alichelewa, mwingine akasogea kuziba nafasi, na mimi sikuinua macho kuangalia. Picha ikatoka mtandaoni mkuu wa idara akiwa na jina la mtu mwingine na cheo cha chini kuliko chake. Ilishasambazwa kwenye magrupu kabla hatujaitoa. Yule mzee hakunifokea, alikuja ofisini akasema taratibu "binti, mimi jina langu sio hilo", akaondoka. Sijawahi kusahau.

Tangu hapo nafanya hivi na wewe fanya hivi. Mpiga picha akishamaliza, kabla watu hawajatawanyika, pita mbele ya mstari na daftari, anza kushoto kwako unavyowatazama, andika jina na cheo cha kila mtu kwenye mstari wa mbele, na usiyemjua muulize, "samahani mheshimiwa naomba jina lako kamili na cheo kwa ajili ya picha." Hakuna anayekasirika kuulizwa jina, wanakasirika kukosewa. Na kushoto ni kushoto kwa mtazamaji wa picha, sio kwa waliosimama, hili linachanganya watu wengi mno.

Kepsheni nzuri inasema nani, anafanya nini, wapi, lini. "Wadau wakifuatilia mada" sio kepsheni, ni kujaza nafasi.

Usitoe picha ya mtu anafumba macho, anatafuna, au ameinama vibaya. Na picha za watoto, wagonjwa au mtu aliyekuja ofisini na shida yake, usipige wala kutoa bila ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, huyo ni mama wa mtu.

Hatua ya 5: Kuandika taarifa kwa vyombo vya habari

Utaambiwa uandike "kitu kama ile ya mwezi uliopita" na ukiifungua ile ya mwezi uliopita utakuta imeanza hivi (mfano nimeutunga):

"Mamlaka, ikiwa ni miongoni mwa taasisi zinazotekeleza kwa vitendo azma ya kuwahudumia wananchi, imeendelea na jitihada zake za kuboresha miundombinu ambapo katika kutekeleza hilo inapenda kuwajulisha wateja wake wote kuwa kutakuwa na matengenezo..."

Mhariri ameshaacha kusoma. Mwananchi wa Manzese naye bado hajajua kama ajaze ndoo. Andika hivi:

"Wakazi wa kata za Sinza, Manzese na Ubungo watakosa maji Jumamosi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni wakati mafundi wakibadilisha bomba kuu. Wateja wanashauriwa kuhifadhi maji kuanzia Ijumaa jioni."

Nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na afanye nini. Mambo ya azma na jitihada yakibidi yakae chini kabisa, ambako mhariri akikata habari haipungui kitu.

Mpangilio ni rahisi: letahedi ya ofisi, tarehe, kichwa cha habari chenye kitenzi, aya ya kwanza yenye habari yote, aya mbili tatu za maelezo, nukuu ya mkuu au msemaji, mwisho jina, cheo, namba ya simu na baruapepe ya anayetoa taarifa. Ukurasa mmoja unatosha. Kama taarifa ni ya Kiswahili andika Kiswahili, ukikwama kwenye istilahi angalia BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) wanasemaje, usichomeke neno la Kiingereza kwa sababu tu ulisomea kwa Kiingereza.

Kabla hujapeleka kuidhinishwa fanya ukaguzi huu kwa kidole:

- Siku na tarehe vinalingana? Fungua kalenda uangalie kweli hiyo tarehe ni Jumamosi.
- Piga ile namba ya simu uliyoandika chini. Inaita? Anapokea nani?
- Majina na vyeo vyote, herufi kwa herufi.
- Namba za kwenye maandishi zinafanana na za kwenye jedwali?
- Nukuu imesomwa na mwenye nukuu? Kuandaa rasimu ya nukuu ni kawaida kwenye kazi hii, kuitoa bila mwenyewe kuiona ni kumtungia mtu maneno.

Muda nao ni habari. Taarifa ya habari ya runinga ya usiku ni saa 2, gazeti la kesho linapangwa leo mchana, kwahiyo ukituma saa 11 jioni umetuma kesho. Jitahidi itoke kabla ya saa 6 mchana, halafu piga simu kwa waandishi wawili watatu kuuliza kama imefika. Usiulize "mtaitoa lini", uliza kama wanahitaji picha au maelezo ya ziada.

Chuoni mnasoma habari za Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa fani hii Marekani, na ajali ya treni ya Atlantic City ya Oktoba 1906, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa na yeye akaishauri kampuni ya reli itoe taarifa yenyewe na kuwapeleka waandishi eneo la tukio badala ya kuficha. Nadharia yangu yote iko hapo, toa habari yenyewe na uitoe mapema.

Hatua ya 6: Mwandishi akipiga simu na uko peke yako

Itatokea. Wote wako kikaoni, simu ya mezani inaita, mwandishi anauliza ni kweli kuna wafanyakazi wamesimamishwa. Wewe sio msemaji. Usithibitishe, usikanushe, usiseme "hapana maoni", na usijaribu kusaidia kwa kusema ulichosikia koridoni. Sema hivi:

"Asante kwa kupiga kaka. Naomba jina lako, chombo chako, swali lako nilivyolielewa ni hili... na dedilaini yako ni saa ngapi? Namfikishia anayehusika sasa hivi, tutakurudia kabla ya hapo."

Andika yote, mpelekee msimamizi hata kama yuko kikaoni, kikaratasi kinapita. Na mkiahidi kurudi, hakikisha mtu anarudi, hata kama ni kusema majibu bado. Mwandishi aliyezungushwa anaandika "jitihada za kumpata msemaji ziligonga mwamba" na ana haki ya kuandika hivyo.

Hatua ya 7: Siku ya mkutano na waandishi

Siku ya presi jipe jukumu la vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka: vibao vya majina ya meza kuu (angalia tahajia), bango nyuma ya msemaji lisizibwe na kiti, soketi za kuchomeka kamera, maiki ijaribiwe kabla ya wageni, daftari la mahudhurio lenye jina, chombo na simu, nakala za taarifa zipo na za kwenye simu zipo tayari kutumwa kwenye grupu. Rekodi mkutano wote kwa sauti, nukuu ikibishaniwa jioni una ushahidi.

Kuna suala la nauli za waandishi, yaani hela wanazopewa wakija kwenye mkutano. Ofisi zina taratibu tofauti na mimi nina maoni yangu makali juu yake, ila kwa wewe wa fildi kanuni ni hii: usishike hizo hela peke yako, ukiambiwa usaidie kugawa awepo mtumishi wa ofisi na watu wasaini, na kamwe usimtajie mwandishi hela kwa maana ya kutaka habari itoke au isitoke.

Hatua ya 8: Omba kazi moja iwe yako

Baada ya wiki mbili tatu za kuaminika, mfuate msimamizi umuombe kitu kimoja ukibebe mwanzo hadi mwisho. Usiseme "naomba kazi", hiyo inampa yeye mzigo wa kukutafutia. Sema nini hasa.

Fildi zinaangukia msimu mzuri sana ambao wengi hawauoni. Mwanzoni mwa Julai ni Maonesho ya Sabasaba pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, na tarehe 7 Julai yenyewe ni pia Siku ya Kiswahili Duniani, kwahiyo ofisi inahitaji jumbe mbili siku moja. Mwanzoni mwa Agosti ni maonesho ya wakulima ya Nanenane, Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha na kanda nyingine. Taasisi nyingi zinakuwa na banda, na watumishi wanapangiana zamu. Jitolee. Kwenye banda utakutana na wananchi wengi kwa siku moja kuliko wanaoingia ofisini kwa mwezi.

Ukiwa bandani usikae nyuma ya meza umeegemea unasubiri muda wa chakula. Simama mbele, karibisha, na kila swali linaloulizwa lipigie mstari kwenye daftari. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa naye alifanya hivyo siku zote za zamu yake, kila swali na vijistari vyake pembeni kama mtu anayehesabu kura. Tuliporudi ofisini tukaona swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwa ni fomu inapatikana wapi, na kwenye vipeperushi vyetu vyote vya rangi nzuri hakuna kilichosema fomu inapatikana wapi. Akaandika karatasi ya maswali na majibu 12, wataalamu wakahakiki majibu, ikawekwa kwenye tovuti na mapokezi. Alianza nayo mwenyewe, akaimaliza mwenyewe.

Kama taasisi yako haina banda, yapo mengine: jarida la ndani, orodha mpya ya simu za waandishi (ya zamani nusu yake hawapo tena kwenye vyombo hivyo), kupanga maktaba ya picha kwa tarehe na majina, majibu ya zile komenti ulizozisoma hatua ya 1.

Hatua ya 9: Logibuku kila jioni, kabrasha kila Ijumaa

Logibuku ya kujazwa wiki ya mwisho inajulikana, kila siku inasema "nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi". Jaza jioni hiyo hiyo, umefanya nini, umejifunza nini, kimekushinda nini. Ijumaa mpelekee msimamizi asaini.

Kabrasha ni lako mwenyewe. Weka rasimu yako ya kwanza ya taarifa pamoja na ile iliyotoka baada ya kusahihishwa, kepsheni, jedwali la magazeti, bango ulilolitengeneza, ripoti. Kilichotoka hadharani kiweke. Kisichotoka hadharani omba ruhusa, na cha siri usikiguse. Ukienda kuomba kazi, hiyo rasimu yenye kalamu nyekundu pembeni ya iliyochapishwa inaongea kuliko CV.

Hatua ya 10: Kuondoka

Wiki mbili kabla ya mwisho, anza kukabidhi. Mafaili yapewe majina yanayoeleweka, nywila za kurasa zote zitoke kwenye simu yako mbele ya msimamizi, aone. Omba dakika 20 akwambie wazi nini ufanyie kazi. Barua ya utambulisho iombe ukiwa bado upo, na umuandikie pembeni kazi tatu ulizofanya ili asiandike "alikuwa mtiifu" tu. Baada ya mwezi mtumie salamu. Nafasi za muda mfupi kwenye fani hii zinatoka kwa kukumbukwa, mtu anasema "yule binti wa Sabasaba yuko wapi", basi unaitwa.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuposti kitu binafsi kwenye ukurasa wa ofisi kwa sababu akaunti zote mbili ziko kwenye simu moja. Ukiweza usiziweke pamoja kabisa, ukilazimika angalia jina la akaunti mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kutuma selfi kutoka kwenye chumba cha kikao, ubao wa nyuma una bajeti nzima.

Kunakili posti ya taasisi nyingine ukabadilisha nembo tu. Inajulikana siku hiyo hiyo. Na hizi programu za akili unde zinazokuandikia taarifa nzima, tumia kupata mawazo ukitaka ila usizipe siri za ofisi na usiamini jina, tarehe wala namba iliyotoka huko mpaka uihakiki.

Kusambaza taarifa "kwa sababu tayari iko kwenye grupu la ofisi". Grupu la ofisi sio umma.

Ukikwama

*Hawanipi kazi kabisa.* Mara nyingi sio roho mbaya, ni kwamba kukuelekeza kunachukua muda kuliko kufanya wenyewe. Fanya jedwali la magazeti bila kuombwa, wiki nzima, kisha lipeleke. Ikifika wiki ya tatu hakuna kilichobadilika ongea na msimamizi wa chuo, ndo kazi yake.

*Wananituma chai na fotokopi tu.* Kutumwa mara moja moja ni kawaida, hata watumishi wanatumana. Ikiwa ndo kazi ya siku nzima kila siku, mwambie msimamizi kwa heshima, "nimefurahi kusaidia, naomba pia asubuhi niwe napitia magazeti ili logibuku yangu iwe na kazi za fani." Mtajie kazi, usimtajie malalamiko.

*Rasimu yangu inarudi nyekundu tupu.* Vizuri, maana yake ameisoma. Andika upya kwa mkono zile sehemu alizosahihisha, utaona anarudia makosa yale yale matatu au manne. Hayo ndo ya kufanyia kazi.

*Nimekosea na kitu kimeshatoka.* Mwambie msimamizi dakika hiyo hiyo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Sema nini kimekosewa, kimetoka wapi, na unapendekeza kirekebishweje. Usifute kimya kimya, watu wameshapiga skrinshoti.

*Ofisi imeingia kwenye kashfa nikiwa pale.* Nyamaza nje, fanya kazi ndani. Usikomenti kwa akaunti yako hata kutetea. Andika kila kinachosemwa, saa na chombo, hiyo orodha ndo kitu cha kwanza wakubwa watakachoomba.

*Kuna mtu ofisini ananisumbua, anataka mambo ya kingono ili anisainie.* Hilo sio kosa lako, na hilo ni rushwa ya ngono, ni kosa kisheria. Tunza meseji zote, andika tarehe na maneno, mwambie mtu unayemwamini na msimamizi wa chuo, na TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa) wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Hakuna saini yenye thamani hiyo, chuo kinaweza kukuhamisha.

*Nimeomba uhusiano nikapangwa masijala (ofisi ya kupokea na kutunza barua na mafaili).* Kaa wiki moja ujifunze barua inavyotembea, nani anaiona kwanza, inakaa siku ngapi kwa nani, kwa sababu taarifa zako baadaye zitapita njia hiyo hiyo na utajua pa kuzifuata. Halafu uliza unahamishwa lini, upewe tarehe, na tarehe hiyo iandike kwenye logibuku asaini.